Ghuba Aliyoisikiliza Jovita

Baba yake Jovita Kokushubila alikuwa fundi wa vinanda vya kanisani. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa huko Buganguzi kama majirani zake wote, lakini kila kinanda kilipoanza kukohoa mapadre wa Rubya walituma mtu amwite Mzee Karugendo. Naye alikwenda na binti yake mkubwa, ili awe na mtu wa kukanyaga mifuko ya upepo wakati yeye mwenyewe ameingiza kichwa ndani ya sanduku. Jovita alikanyaga na kusikiliza. Baba aliuliza kutoka ndani, "Bado?" naye akajibu, "Bado, Ta, inalia chini kidogo." Hivyo ndivyo alivyojifunza kutenganisha sauti mbili ambazo watu wengine walizisikia kama moja. Mzee Karugendo alipofariki, mwaka uleule nchi ilipopata uhuru, Jovita alikuwa msichana wa shule ya masista, na tayari yeye ndiye aliyewapa wenzake sauti ya kuanzia kwenye kwaya.

Hakuolewa mapema. Waposaji walikuja, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, ya mama yake, Ma Kokwijuka, wakaondoka, na wengine hawakurudi tena. Yeye alijifunza kupiga taipu, akapata kazi Bukoba mjini katika ofisi ya uvuvi, akawa anapiga taipu barua za nyavu na leseni za mitumbwi. Jumapili alifundisha nyimbo kanisani. Mdogo wake, Benigna, aliolewa kabla yake, jambo ambalo mama hakulipenda lakini alilinyamazia.

Mwaka 1970 aliingia ofisini Daktari Rweyemamu. Alikuwa mtoto wa kijiji cha Maruku aliyepelekwa kusoma Norwe, na huko alikuwa amekaa miaka mingi ndani ya meli kwenye bahari ya kaskazini, akishusha kinasa sauti majini na kuwarekodi nyangumi. Jovita alilazimika kumuuliza nyangumi ni nini hasa, maana alilijua neno hilo kutoka katika habari za Nabii Yona tu. Daktari alimweleza kwamba ni mnyama anayenyonyesha, mkubwa kuliko basi, na kwamba kumhesabu kwa macho ni kazi bure kwa kuwa huonyesha mgongo kidogo kisha anazama. Lakini huita. Mlio wake husafiri mbali sana ndani ya maji, na ukiwa na chombo cha kuusikia, unaweza kukadiria wapo wangapi na wanaelekea wapi.

Sasa alikuwa amerudi nyumbani, kwenye ziwa lisilo na nyangumi. Serikali ilikuwa imemuuliza kama ujuzi wake ungeweza kuhesabu viboko. Vijiji vipya vya ujamaa vilikuwa vinapangwa kando ya ziwa, kuanzia Bukoba kushuka upande wa Muleba, na hakuna aliyetaka kuwaweka wananchi mdomoni mwa mnyama. Kiboko naye, alisema daktari, hushinda majini akijificha, naye huita akiwa chini ya maji, si juu tu kama watu wanavyodhani. Alihitaji mtu mwenye sikio. Mtu fulani alikuwa amemwambia kuhusu mpiga taipu anayesimamisha kwaya nzima kwa sababu ya mtu mmoja aliyekosea.

Alimjaribu kwa mkanda wa nyangumi. Akaweka tepurekoda mezani, akamvika Jovita visikilizio masikioni. Jovita alisikia sauti ndefu ikipanda, ikakatika, ikaanza upya. Ilimkumbusha mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde bila kujua kama nyumbani yupo wa kumwitikia. Akaona haya, maana machozi yalianza kumlengalenga mbele ya mgeni.

"Wako wangapi?" daktari akamuuliza.

"Wawili. Mmoja yuko mbali zaidi."

Daktari alifurahi. Wiki iliyofuata Jovita aliiacha taipu, akaanza kazi ya majini.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, ziwa likiwa tulivu asubuhi. Daktari aliendesha boti mwenyewe. Wakifika mahali alipopachagua alizima injini, wakasubiri maji yatulie, kisha wakashusha kile chombo ambacho wavuvi walikipa jina la sikio la maji: kipande cheusi chenye ukubwa wa ndizi mbivu, kikining'inia kwenye waya mrefu. Kila mmoja alivaa visikilizio vyake. Mwanzoni Jovita alisikia vurugu tu. Baadaye alianza kutambua. Kulikuwa na mkwaruzo mzito kama mlango wa zamani unaoburutwa sakafuni. Kulikuwa na mlio wa haraka haraka kama mahindi yanayokaangwa kwenye kikaango. Na kila dume alikuwa na sauti yake, ambayo ukishaizoea humchanganyi na mwingine. Daktari alimfundisha kuandika alichosikia bila kuongeza cha kufikiria, naye alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu, asiyemcheka mtu akikosea. Siku hizo Jovita alikuwa na furaha. Alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi, kukumbuka jinsi alivyokuwa na furaha.

Katika safari zao walifika kwenye ghuba ya Rwakahinda. Ni ghuba ndogo. Upande mmoja una mawe makubwa yaliyoporomoka kutoka kwenye mwinuko, upande wa pili una mchanga mweupe, na nyuma ya mchanga mafunjo yamesongamana hadi kwenye rweya, yale majani makavu ya tambarare ambayo Wahaya huyaacha kwa ng'ombe. Upande wa mawe ulikuwa na kelele. Dume mmoja mzee aliunguruma kwa sauti yenye ufa katikati, na madume wadogo walimjibu. Upande wa mchanga ulikuwa kimya. Walirudi huko asubuhi, wakarudi mchana, wakarudi jua likielekea kuzama, wakarudi tena mwezi uliofuata. Walisikia mawimbi na samaki wakitafuna. Zaidi ya hapo hawakusikia kitu.

"Hapa hakuna mtu," Jovita alisema mwishowe kwa Kihaya, akivua visikilizio.

Daktari alicheka, akasema basi na iandikwe hivyo.

Taarifa ilikwenda mkoani. Kamati iliyokuwa ikitafuta mahali pa kijiji ilifurahi kuipata, kwa sababu mchanga ule ulikuwa mahali pazuri pa mwalo wa kuegesha mitumbwi, na rweya ile ilifaa kwa shamba la pamoja. Kijiji cha Rwakahinda kikapangwa pale.

Wakati huo Benigna na mumewe, Philbert, walikuwa wanaishi Buganguzi kwenye kipande cha kibanja kilichobaki baada ya kaka zake Philbert kupewa sehemu zao. Kilikuwa chembamba kiasi kwamba majani ya migomba ya jirani yaliangukia mlangoni kwao. Walikuwa na mtoto mchanga wa kike, Clotilda. Viongozi wa Chama walipita wakieleza habari za vijiji vipya: ardhi ya kutosha, shule, zahanati, trekta. Philbert alitaka kwenda. Benigna aliogopa ziwa. Hakuwa mtu wa kubishana mbele za watu, kwa hiyo alipanda gari la kahawa hadi Bukoba, akaenda kwa dada yake akiwa na mtoto mgongoni.

Walikaa chumbani kwa Jovita wakamenya viazi. Benigna alizunguka zunguka, akasema habari za mama, za kahawa, za ndui ya kuku, mwishowe akauliza.

"Yale maji umeyasikiliza wewe mwenyewe?"

"Nimeyasikiliza mimi mwenyewe."

"Kuna nini?"

"Viboko wapo upande wa mawe. Upande wa mchanga hakuna kitu, Benigna. Ningekuwa na familia, ningehamia mimi."

Benigna alimeza jibu hilo kama dawa aliyopewa na mtu anayemwamini. Kabla ya mvua za vuli walikuwa wamehama.

Kijiji kilianza vizuri kuliko vingine vingi. Mwenyekiti wake, Buberwa, alikuwa karani wa zamani wa chama cha ushirika, mtu wa kuamka mapema, aliyelima mstari wake katika shamba la ujamaa kabla ya kumwambia mwingine alime. Nyumba zilikuwa za nyasi lakini zilipangwa kwa mstari. Mahindi ya kwanza yaliota. Jovita aliwatembelea, akamkuta mdogo wake amenenepa kidogo, anacheka na wanawake wenzake kuhusu mambo ya mwaloni ambako walichota maji kila alfajiri. Alirudi Bukoba akijiona amefanya jambo jema.

Masika ya mwaka 1972 yalikuja na ukungu. Asubuhi moja Benigna alikwenda kuchota maji pamoja na wenzake. Ziwa lilikuwa limepanda, na mafunjo yalikuwa yamesogea karibu na mchanga. Wenzake walisimulia baadaye kwamba aliingia majini hadi magotini ili apate maji masafi, na kiboko akainuka mbele yake bila kuunguruma, bila hata kupuliza pua. Alikuwa jike. Nyuma yake, ndani ya mafunjo, walikiona kitoto chake. Jike yule alimng'ata Benigna mara moja, akarudi alikotoka. Wanaume walimbeba kwenye machela ya miti kupanda kilima, wakielekea hospitali ya Rubya, wakipokezana na kukimbia. Walikuwa wameshayaona mabati ya hospitali walipogundua kwamba wanabeba maiti.

Jovita aliipata habari ofisini kutoka kwa dereva wa lori. Hakulia pale. Alimuuliza dereva upande gani, wa mawe au wa mchanga. Dereva hakulielewa swali, akadhani amechanganyikiwa. Aliposema ni mwaloni, Jovita aliketi sakafuni.

Walimzika Buganguzi, kwenye kibanja cha Mzee Karugendo, kwa sababu mama alikataa mwanawe alale karibu na ziwa. Philbert alisimama kando ya kaburi akiwa na mtoto, hajui amshike vipi. Watu walipoanza kutawanyika, Ma Kokwijuka alimwita Jovita nyuma ya nyumba. Hakupandisha sauti.

"Mdogo wako hakumuuliza daktari," alisema. "Hakuwauliza watu wa Chama. Alikuuliza wewe."

"Ndiyo, Mae."

"Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba ninajua."

Akamchukua mtoto kwa Philbert, akaingia naye ndani.

Jovita alirudi mjini akiwa na wazo moja tu, kwamba chombo kilikuwa kibovu. Daktari Rweyemamu alikuwa na wazo hilohilo. Alikuwa amepungua mwili ndani ya wiki moja, na alizungumza juu ya waya tu: kwamba huenda maji yalikuwa yameingia, kwamba huenda wakati ule wakisikiliza upande wa mchanga sikio la maji lilikuwa limeziba. Walikibeba hadi kwa Jagdish, fundi wa redio aliyekuwa na duka karibu na soko. Serikali ilikuwa imetaifisha majengo, na la Jagdish lilikuwa mojawapo. Mkewe, Madhuben, alikuwa chumba cha nyuma akifunga vyombo ndani ya masanduku, na rafu za duka zilikuwa nusu tupu. Hata hivyo Jagdish alikipokea chombo. Alikitumbukiza kwenye ndoo, akagusa waya kwa vipimo vyake sehemu kwa sehemu, akavaa visikilizio na kukwaruza ukingo wa ndoo kwa ukucha. Alirudia tena na tena, kwa sababu daktari alimwomba arudie.

"Binti, nisikudanganye," alimwambia Jovita, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimtazama. "Waya ni mzima. Hakuna kutu, hakuna maji. Hiki kitu kinasikia vizuri tangu siku kilipotengenezwa."

Walitoka nje wakasimama barazani. Daktari hakuelekea kwenye gari. Alianza kuzungumza kuhusu bahari ya kaskazini, taratibu, kama mtu anayeongea usingizini. Alisema kule nako walihesabu wanaoita tu. Mtu mmoja kwenye meli aliwahi kuuliza, je, wanaonyamaza? Wakakubaliana kwamba hakuna mnyama anayenyamaza siku zote, na wakaendelea na kazi. Kutokana na hesabu zile, wenye meli za kuwinda waliruhusiwa kuua kiasi fulani. Hakuwahi kujua waliouawa walikuwa akina nani, wenye kuita au wenye kunyamaza.

"Mama mwenye mtoto hana sababu ya kuita," alisema. "Ana kila sababu ya kunyamaza. Ningeweza kulifikiria hilo. Nimezaliwa na mama."

 Jovita alikuwa na hasira naye, na alikuwa na hasira na nafsi yake, na hasira hizo mbili zilikuwa zimefungamana kiasi kwamba hakuweza kuivuta moja bila kuivuta nyingine.

Huko Rwakahinda watu walidai kiboko auawe. Buberwa alikwenda wilayani, akarudi na ahadi, na baada ya siku chache walifika askari wa wanyamapori wawili wakiwa na bunduki. Walitaka kuonyeshwa viboko walipo. Buberwa alituma ujumbe Bukoba kumwomba Jovita aje na sikio la maji, kwa kuwa daktari alikuwa ameitwa Mwanza kujieleza.

Alikuja. Alikuwa amejiambia kwamba anakwenda ili auawe yule aliyemuua Benigna. Walianza upande wa mafunjo. Alishusha chombo, akasikiliza hadi shingo ikamuuma. Kimya. Aliwaambia askari wasubiri, kwamba huenda yumo humo humo, ila haongei. Askari mkubwa, ambaye alikuwa na vijiji vingine vya kwenda, alimuuliza kama chombo chake kinaweza kuonyesha kiboko au hakiwezi. Basi wakavuka ghuba hadi upande wa mawe, na pale visikilizio vilijaa kelele mara moja. Jovita alimsikia dume mzee mwenye ufa katika sauti. Alijua kwamba dume yule hakuwahi kuondoka kwenye mawe yale tangu siku alipoanza kumsikiliza.

Askari alimuuliza, "Wapo?"

 Jovita aliwafikiria wale waliokuwa wakisubiri ufukoni, Philbert akiwa miongoni mwao. Alifikiria kurudi kwao mikono mitupu.

"Wapo," alisema.

Waliua wawili, dume mzee na mmoja aliyekuwa karibu naye. Jovita hakuvua visikilizio wakati bunduki zikilia. Alisikia milio yote ikikatika, halafu akasikia mchapuko wa wengine wakikimbilia kwenye kina, halafu akasikia mawimbi.

Kijiji kilishangilia. Nyama iligawanywa kwa nyumba, mafuta yakachemshwa, na jioni ile watu waliimba nyimbo za Chama. Buberwa alitangaza kwamba adui amekwisha na mwalo uko salama. Philbert aliletewa fungu kubwa kuliko wengine wote. Aliliangalia, akasema ahsante, akalipeleka kwa jirani. Jovita hakumwambia kitu siku ile. Alirudi mjini akakaa siku kadhaa bila kula chakula cha maana.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, na Philbert akapita mwaloni baada yake, akaona kwenye mchanga laini nyayo za kiboko mkubwa, na pembeni yake nyayo ndogo. Alizifukia kwa mguu ili wanawake wasiogope, akapanda lori hadi Bukoba kumwambia shemeji yake. Ndipo Jovita alipomweleza yote: kimya cha mafunjo, dume wa mawe, na neno alilomjibu askari. Philbert alimsikiliza hadi mwisho. Alisema tu kwamba mke wa jirani yake anachota maji palepale, na kwamba si vizuri wao wawili kujua jambo hilo peke yao.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Jovita aliomba nafasi, akasimama mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa bado na mafuta ya kiboko kwenye vibuyu vyao. Alisema kwamba waliouawa hawakuwa na hatia ya kifo cha Benigna. Alisema chombo chake humsikia anayeita tu, na jike mwenye mtoto haiti. Kwamba alikosea aliposema upande ule hauna kitu, na alikosea tena alipowaongoza askari kwenye mawe. Aliomba mwalo ufungwe, watu wachote maji kwenye chemchemi iliyo chini ya mwinuko, nyuma ya shamba la ujamaa.

Hawakumpokea vizuri. Chemchemi ilikuwa mbali, na njia yake ina utelezi. Mzee mmoja alisema huyu binti jana alituambia maji ni matupu tukamwamini, leo anatuambia yamejaa, kesho atasema nini? Mwingine aliuliza kwa upole mtu anayetaka kukivunja kijiji ametumwa na nani. Buberwa, ambaye alikuwa ameshatoa taarifa wilayani kwamba shida imekwisha, alifunga mkutano kwa kusema kwamba dada yetu ana msiba na tumwombee.

Daktari Rweyemamu hakurudi Bukoba. Walimpa kazi ya ofisini Mwanza, ya mambo ya sangara na ngege, na sikio la maji likabaki kwenye kabati la ofisi ya uvuvi. Jovita aliacha kazi mwezi uleule. Mama yake alipopata habari kwamba anahamia Rwakahinda, alikataa kuamini, halafu akakataa kumuaga. Watu walisema anamfuata shemeji yake. Alijenga kibanda chake mwenyewe upande wa pili wa kijiji, na hakuolewa na Philbert wala na mtu mwingine.

Alianza na jambo dogo. Kila asubuhi alichukua mtungi, akapita mbele ya nyumba zote, akaelekea kwenye chemchemi. Hakumwambia mtu amfuate. Alipokuwa akirudi, mtu akitaka maji alimpa. Philbert alichonga ngazi kwenye udongo wa utelezi, akatoboa shina la mti likawa mfereji wa kukinga maji. Mwanamke wa kwanza kuandamana naye alikuwa yule jirani. Alisema mume wake amemkataza mwaloni tangu alipoota ndoto mbaya. Wa pili alikuwa mjamzito. Baada ya hapo walikuja polepole, wengine kwa sababu ya woga, wengine kwa sababu wenzao wapo huko na mazungumzo yako huko. Wapo waliokataa kabisa, wakaendelea kuchota ziwani, na kila alfajiri Jovita aliposikia ndoo zao zikigongana kuelekea mwaloni alisimama mlangoni hadi waliporudi.

Baada ya mavuno, Ma Kokwijuka alifika akiwa na Clotilda mgongoni, ingawa mtoto alikuwa sasa anaweza kutembea. Hakusema amekuja kwa nini. Alimwomba Jovita amwonyeshe mahali, na Jovita alimpeleka kwanza kwenye chemchemi, kisha, kwa kuwa mama hakuridhika, akampeleka mwaloni. Walisimama mbali na maji. Mafunjo yalikuwa yakitikisika kwa upepo, au kwa kitu kingine, hakuna aliyeweza kujua.

"Yumo?" mama aliuliza.

"Sijui, Mae."

Ma Kokwijuka aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolifuata kwa mguu kutoka Buganguzi. Alilala kwa binti yake siku mbili, akapika ebitoke, ndizi za kupika, kwa maharage, akaondoka. Alimwachia mtoto. Hakusema kwamba amemsamehe, na Jovita hakuuliza.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini kwa maelfu, Rwakahinda ilipokea kaya nyingi mpya, na maofisa wakaja na mpango wa kujenga gati dogo kwenye mwalo uleule. Walikuwa na ile taarifa ya zamani mkononi, iliyosema upande wa mchanga ni salama. Jovita aliomba kusema, wakamwambia atasema baadaye. Buberwa ndiye aliyesimama. Alikuwa amezeeka kidogo. Alisema kwamba yeye mwenyewe, zaidi ya mara moja, amewaona jike na mtoto wakitoka kwenye mafunjo yale kwenda kula rweya, na kwamba alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshaandika wilayani kuwa wamekwisha. Alisema aliona aibu. Maofisa hawakupendezwa, lakini gati lilihamishiwa ghuba nyingine, na nyumba mpya zikajengwa juu, karibu na chemchemi.

Upande wa mawe haukupata tena kelele zake za zamani. Wavuvi walisema madume waliobaki walihamia mbali, kuelekea visiwani. Wapo wangapi, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyekuja tena kuwahesabu. Jovita alimlea Clotilda, akafundisha kwaya ya kigango cha Rwakahinda, akazeekea hapo. Tangu Benigna, hakuna mtu mwingine aliyeuawa na kiboko katika kijiji kile. Kwa sababu hiyo wapo waliozoea kusema, hasa wakiwa na mtungi kichwani na kilima mbele yao, kwamba Jovita aliwachosha miguu bure, kwamba ziwa liko pale chini na halijamla mtu miaka yote. Waliyasema hayo hata mbele yake. Naye aliwapisha njiani wapite, na akiona mtungi wa mtu umeinama, aliusimamisha.